Santuri mbili, asubuhi moja

SWALI: Dada wa Santuri, shikamoo. Mimi na rafiki yangu tuna desturi. Kila asubuhi kabla ya kazi tunapigiana simu, tunakubaliana santuri ya siku, kila mtu anaisikiliza kwake, halafu tunaijadili. Juzi zamu ilikuwa ya Kind of Blue ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazz. Yangu nimeirithi kwa baba, ni ya kale, lebo yake ina yale macho sita, nembo za kampuni ya Columbia za enzi hizo. Yake kainunua mpya. Tulishusha sindano kwa pamoja, simu zikiwa wazi, na wimbo wa kwanza, So What, ulipofika mwishoni yangu ilikuwa imeshamwacha kwa sekunde kadhaa. Tena sauti ya kwangu iko juu kidogo. Yeye anasema gramafoni yangu inakimbia. Nimebadilisha mkanda wa mpira unaozungusha sahani, hali ni ile ile. Nani amekosea?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Mkanda wa zamani usiutupe, huenda ulikuwa mzima. Mimi simshuku yeyote kati yenu. Naishuku mashine ya kurekodia, na tarehe yake ni 2 Machi 1959.

Siku hiyo, katika studio ya Columbia iliyokuwa mtaa wa 30 mjini New York, zilirekodiwa nyimbo tatu za upande wa kwanza: So What, Freddie Freeloader na Blue in Green. Mashine iliyonasa utepe mkuu ilikuwa ikizunguka polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Utepe ulionaswa hivyo ukichezwa kwenye mashine yenye kasi sahihi, muziki unaharakishwa na sauti zote zinapanda. Michirizi ya santuri ikakatwa vivyo hivyo, na watu wakausikia upande ule hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Nashukuru kwamba mashine ya pili ilikuwa ikinasa utepe wa akiba, na hiyo ilikwenda sawasawa. Kwa utepe huo wa akiba kasi ikasahihishwa mwaka 1992, na matoleo mengi yaliyofuata yameusahihisha upande huo.

Kuna njia ya kulithibitisha hili bila fundi. Kesho asubuhi geuzeni santuri. All Blues na Flamenco Sketches zilirekodiwa tarehe 22 Aprili mwaka huo huo, na siku hiyo kasi haikuwa na kasoro. Shusheni sindano kwa pamoja kama juzi. Mkienda sambamba hadi mwisho, gramafoni yako haina neno. Ukimwacha hapo pia, basi rafiki yako kasema kweli, rekebisha kasi.

Swali lako limenigusa kwa sababu nimeliishi. Kaka yangu ni mpiga piano, na asubuhi nyingi alikuwa akijaribu kuifuata So What kutoka kwenye santuri yetu kuukuu. Wimbo ule unaanzia kwenye noti ya re. Alikuwa akibonyeza re, inakuwa chini. Akipanda kibonyezo kimoja, inakuwa juu. Noti ya santuri ilikaa katikati, mahali ambapo piano haina kibonyezo. Alimwita fundi wa kusawazisha noti za piano mara mbili. Siku tuliyopata toleo lililosahihishwa, aliweka kidole kwenye re, besi ya Paul Chambers ikaingia, na vikakutana. Hakusema kitu, alirudisha sindano mwanzo tu.

Ukiniuliza niipendayo, ni hiyo iliyosahihishwa. Saksofoni ya Coltrane inarudi na uzito wake, na matoazi ya Jimmy Cobb yanapata nafasi ya kupumua. Lakini ya baba yako usiiuze. Upande wake wa pili hauna kasoro hiyo, na upande wa kwanza ndio alioupenda yeye.

Kwa kuwa mnalinganisha kila siku, niwaonye juu ya mambo mawili yanayodanganya masikio. La kwanza ni ukubwa wa sauti. Santuri iliyokatwa kwa sauti kubwa zaidi, hata kwa desibeli moja, itaonekana kuwa na uhai zaidi, nawe utaisifu chapa wakati unasifu ukubwa tu. Sawazisheni kwanza kwa masikio, na kama yupo mtu nyumbani, abadilishe yeye santuri bila kukuambia ipi ni ipi. La pili ni baridi ya asubuhi. Kile kipande cha mpira kinachoshikilia kijiti cha sindano hukakamaa kikiwa baridi, na santuri ya kwanza ya siku inaweza kutoa sauti kavu isiyo kosa lake. Mimi huanza na santuri nyingine isiyoshindanishwa, upande mzima, ndipo nalinganisha.

SWALI: Mwenzangu hujivunia kwamba santuri zake za Blue Note, ile kampuni ya jazz, zina alama ya “sikio”, zangu hazina. Ninakosa nini?

JIBU: Sikio hilo ni herufi P iliyoandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha, alama ya kiwanda cha Plastylite kilichokuwa kikizikandamiza santuri za Blue Note. Katikati ya miaka ya 1960 Blue Note iliuzwa kwa kampuni ya Liberty, kazi ikahamia kwingine, na alama ikakoma. Lakini vibao vya chuma vya kukandamizia havikutupwa. Santuri nyingi za enzi ya Liberty zilitoka kwenye mkato ule ule wa Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi na kukata kwa mkono wake.

Kwa hiyo acha sikio, tafuta jina. Inamisha santuri chini ya taa, utazame sehemu nyororo iliyo kati ya mchirizi wa mwisho na lebo. Ukiona RVG au VAN GELDER, una kazi ya mikono yake. Kisha tazama mikwaruzo. Chapa ya kwanza iliyochakazwa na sindano mbovu hunguruma hasa kwenye michirizi ya ndani, na mimi nimeshairudisha ya namna hiyo kwa muuzaji ingawa sikio lilikuwepo.