Nyama ya Kuchangishana Haiharibikii Kwenye Friza

Msomaji wa Buhongwa, hapa Mwanza, ameandika. Kaya tano zilichanga, zikachinja nguruwe Jumamosi mchana, kila mtu akabeba fungu lake kwenye salfeti na kulishindilia kwenye friza jioni ile ile. Wiki mbili baadaye paja linanuka uchachu penye mfupa, na jirani aliyemtafuta mnyama anasemwa mtaani kwamba alileta mgonjwa. Kwa maelezo hayo, mnyama hana kesi. Kilichoharibu ni joto na haraka. Friza haiponyi nyama, inaisimamisha pale ilipofikia.

Twende tangu mwanzo, maana wengi mnachangishana kila sikukuu na makosa ni yale yale.

Msinunue kwa macho. Chukua tepu ya fundi cherehani, mzungushe nguruwe kifuani nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia. Kwa mita, zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, kisha kwa 69.3. Kifua cha 1.10 na urefu wa 1.20 ni kama kilo 100. Hapo tegemeeni mzoga wa kilo 70 hadi 75. Ukitoa kichwa, makongoro na maji yanayopotea wakati wa kupoa, kaya tano zinapata kama kilo 12 kila moja, mifupa ikiwemo. Anayewaahidi kilo 18 anawauzia ndoto.

Chagueni dume lililohasiwa mapema au jike lisilo kwenye joto. Dume zima lina harufu inayolala kwenye mafuta na kuamka kikaangoni. Halafu ulizeni alikuwa anakula nini. Huku kwetu ziwani nguruwe wengi wanakuzwa kwa mapanki, yaani mabaki ya samaki wa viwandani, na vumbi la dagaa, chakula kizuri na cha bei nafuu, ila mafuta ya samaki yanahamia kwenye mafuta ya nguruwe. Nyama hiyo ikiliwa siku ile ile utaisamehe. Ikikaa friza miezi miwili inanuka kama mwalo wa samaki. Mfugaji aondoe samaki kwenye chakula angalau mwezi mzima kabla ya kuchinja. Na mkisikia nguruwe wanauzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu "wameanza kufa", kaeni mbali. Homa ya nguruwe ya Afrika haimpati binadamu, lakini virusi vyake vinaishi kwenye nyama iliyogandishwa, na mfupa mmoja uliotupwa bandani unamaliza mifugo ya mtaa mzima.

Mnyama asile kwa muda wa saa 12 hadi 18 kabla ya kuchinjwa, maji apewe. Tumbo lililojaa hupasuka kirahisi kisu kikipita. Asikimbizwe wala kupigwa: nyama ya nguruwe aliyehangaika hupauka, hulegea na kutoa maji. Chinjeni alfajiri, kwenye machinjio ya nguruwe au mahali alipopakubali ofisa mifugo wa kata, na mkaguzi wa nyama awepo. Majirani wasiokula kitimoto wana haki yao pia: visu, mabeseni na maji machafu visifike kwenye kisima wala bomba la wote.

Maji ya kunyonyolea ndiyo yanayowashinda wengi. Yanatakiwa nyuzi 60 hadi 65. Yakizidi 70 ngozi inaiva na nywele zinang'ang'ania humo humo. Changanya ndoo tano za maji yanayochemka na tatu za baridi, mimina kwenye pipa, yatashuka yenyewe hadi panapofaa. Nywele za mgongoni zikivutika kwa vidole bila kubisha, toa, kwangua.

Wakati wa kupasua, funga mkundu kwa kamba kabla ya kuvuta utumbo, na nyongo itoke na kipande kidogo cha ini. Mkaguzi aangalie ulimi, taya, moyo na kiwambo. Vilengelenge vyeupe kama punje za mchele ni tegu. Hapo hakuna cha "tukate hapa, kwingine kuzuri". Uamuzi ni wa mkaguzi, hata kama mmechanga vipi.

Sasa tufike kwenye kesi ya Buhongwa. Mzoga unatoka ukiwa na joto la karibu nyuzi 38, na paja nene huhifadhi joto hilo kwenye kiungo cha nyonga kwa saa nyingi. Ukilifunga kwenye salfeti na kulisukuma katikati ya friza, nje linaganda kuwa koti na ndani linachacha taratibu. Pasueni mzoga katikati, ning'inizeni kivulini penye upepo kwa muda mfupi tu, kisha fungueni mapaja hadi mfupani. Vipande viingie kwenye mifuko safi ya kufungashia chakula, halafu kwenye kasha la baridi, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya nyama, tundu la kutolea maji likiwa wazi. Barafu Mwanza si shida, wanunuzi wa samaki wa soko la Mwaloni wanajua pa kuipata. Iache usiku kucha. Nyama iliyogandishwa kabla haijakakamaa na kulegea tena huwa ngumu na hutoa maji ikiyeyuka.

Kugawana kufanyike asubuhi ya pili, kwa mizani. Kila fungu lipate paja, bega, mbavu, tumbo na mgongo. Kisha mmoja ageuke nyuma, mwingine ashike fungu na kuuliza "hili la nani?", jina litajwe, biashara imeisha. Kichwa, ini na ujira wa mchinjaji viamuliwe kabla ya kununua. Ugomvi wa ini umevunja vikundi vingi kuliko ugomvi wa hela.

Friza ya lita 200 inagandisha vizuri kilo 7 hadi 10 kwa siku. Kilo 12 ziingie kwa awamu mbili, pakiti za kilo moja zilizobanwa bapa, hewa imetolewa, tarehe imeandikwa. Usitie chumvi, inaharakisha mafuta kuchacha. Kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, vipande vizima hukaa miezi minne hadi sita. Nyama ya kusaga isizidi mitatu. Umeme ukikatika usifungue: friza iliyojaa huhimili kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24.

Kwa msomaji wetu: pakiti za paja zenye uchachu mfupani tupa, pilipili na ndimu haziondoi kilichomo. Usimpe mbwa wala nguruwe, fukia. Mbavu na tumbo ni vyembamba, huenda vilipoa kwa wakati. Yeyusha pakiti moja ndani ya friji, rafu ya chini, nusa penye mfupa ikiwa bado mbichi. Na jirani yako aombwe radhi wiki hii.