Jibu: "Kusanifisha" ni kufanya nini hasa?

Mkuu, umesema bosi kakuambia "sanifisha taarifa za wateja", ukaingia mtandaoni ukakutana na kemia, takwimu na Kiswahili sanifu, kila mmoja na lake. Mimi nilikuwa fundi sanifu wa maabara ya shule kabla ya kuhamia kazi za data, kwa hiyo neno hili limenipitia pande zote mbili. Huwa najiuliza hivi: baada ya kusanifisha, kitu chenyewe kimebadilika, au sisi ndio tumekijua vizuri zaidi?

Maabara hakibadiliki. Chukua sodiamu haidroksaidi. Ukiziacha chembe zake wazi kwenye mizani, muda si muda zinaanza kutoka jasho. Zinavuta unyevu wa hewani, na kaboni dayoksaidi nayo inajiingiza. Hata upime gramu 4 za lita moja kwa umakini wa sonara, huwezi kuapa umepata mola 0.1. Kwa hiyo unatengeneza asidi oksaliki ya mola 0.05, yaani gramu 6.3 za fuwele zake kwa lita, maana hiyo inapimika bila usumbufu. Unaijaza kwenye bureti (mrija mrefu wenye vipimo), unavuta sm³ 25 za sodiamu haidroksaidi kwa pipeti na kuzitia kwenye flaski, matone mawili ya fenofthalini (rangi ya kuonyesha asidi imetosha), kisha unaachia asidi taratibu huku unatikisa flaski mpaka rangi ya waridi ipotee. Bureti ikisoma 24.2, sodiamu haidroksaidi yako ni mola 0.0968. Andika hivyo kwenye lebo, imetoka. Hukuongeza wala hukupunguza kitu chupani.

Takwimu ni jirani na hapo. Mwanafunzi kapata 75 Kiswahili na 50 Hisabati. Darasani, wastani wa Kiswahili ni 70 na mkengeuko sanifu (kadiri alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani) ni 10. Hisabati ni 38 na 8. Toa wastani, gawanya kwa mkengeuko: 0.5 na 1.5. Hisabati ndiko alikong'ara, japo nyumbani atafokewa kwa hiyo 50.

Lugha ni habari nyingine, huko kuna waliopoteza. Mkutano wa 1928 wa kuchagua lahaja ya Kiswahili sanifu ulifanyika Mombasa, na hapohapo Mombasa kikachaguliwa Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, Kimvita cha wenyeji kikaachwa, pamoja na mashairi yote ya Muyaka, mshairi wao. Mtoto akiandika "mato" na "nti" za Kimvita kwenye insha, kalamu nyekundu inamngoja: macho, nchi. Viwandani watu husema zaidi "kuweka viwango", na huko pia anayejirekebisha ni mzalishaji, la sivyo alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ataisikia kwa wenzake.

Sasa kazi yako. Bosi anataka kila taarifa iandikwe kwa mtindo mmoja. Namba za simu utazikuta zingine zinaanza na 0712, zingine +255712, zingine zina nafasi katikati. Zote zianze na 255 zikifuatiwa na tarakimu tisa. "Dar", "DSM" na "D'Salaam" ziwe Dar es Salaam. Tarehe ndizo zitakutoa jasho: 03/04 ni Aprili au Machi? Usikisie, muulize aliyeingiza. Na kwa kuwa hapa unabadilisha kitu chenyewe, matokeo yaweke kwenye safu mpya, ile ya zamani usiiguse mpaka bosi akague.