Mbolea ya ruzuku: wakala anadai mgao wangu umeshachukuliwa

Ndugu mkulima, nimekuelewa: umesajiliwa kijijini kwa mbolea ya ruzuku na namba ya usajili unayo, lakini wakala anadai mifuko yako imeshachukuliwa, na mtendaji wa kijiji anakataa kuonyesha orodha ya wanufaika.

Usibishane dukani. Chukua kitambulisho na ujumbe wa simu wenye namba yako, kisha uiombe ofisi ya kilimo ya wilaya iangalie kwenye mfumo ni wakala gani aliyeuza kwa namba hiyo, lini, na ni ekari ngapi ulizoandikiwa, kwa maana mara nyingine kasoro ni ya usajili tu, si ya wizi.

Kuhusu orodha, mwandikie mkurugenzi wa halmashauri kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya Tanzania ya 2016, inayotoa siku 30 za kujibu. Omba majina na idadi ya mifuko pekee. Ukidai namba za simu au za vitambulisho utawapa sababu nzuri ya kukunyima. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa, maana barua zisizo na muhuri hupotea kirahisi mno. Suala hilo liulizwe pia kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Ikidhihirika kwamba mtu alitumia namba yako, usimtaje hadharani, usije ukashtakiwa wewe; peleka vielelezo TAKUKURU (taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa), ambao simu yao ya bure ni 113.