Wakristo kubadilisha jamii: mi naanzia kwenye lumbesa

Mkuu mleta mada, umeuliza Wakristo tufanye nini cha maana kwenye jamii zaidi ya kukemea miziki na mavazi. Mi sio mchungaji, nanunua viazi mviringo huku Njombe, kwahiyo najibu kwa ninachokijua.

Huku kwetu ugonjwa ni lumbesa. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100, nenda shambani sasa, limeshonewa kilemba juu linapiga 120 mpaka 150 na mkulima analipwa gunia moja. Na mnunuzi Mkristo, dalali Mkristo, mkulima Mkristo, jumapili wote wako ibada moja wanaimba pambio! Ukiuliza unaambiwa ndo biashara ilivyo.

Sisi wachache wa usharika mmoja tukachanga, tukanunua mzani, tukaanza kununua kwa kilo. Hatukumhubiria mtu. Madalali walitucheka sana na kusema kweli faida ilishuka, maana sokoni Dar wenyewe wanataka lile lile la kilemba, ikabidi tuhangaike na mahoteli na wauza chipsi wanaopima. Ila wakulima wakaanza kuhamia kwetu, hasa wamama wajane ambao ndo walikuwa wanakamuliwa kuliko wote, wanunuzi wengine wakiona mzigo unawakosa nao wakaleta mizani. Wa kwanza kutuiga alikuwa Mwislamu, akatuambia kwenye Kurani kuna sura nzima inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, tukabaki tunaangaliana.

Na sio jambo jipya hili. Walokole wa ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukafika mpaka Bukoba, watu waliwajua kwa kurudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani, yaani kama Zakayo kabisa. Jirani akirudishiwa mali yake hahitaji kuelezwa sana wokovu ni nini.

Ila ukitaka kuanza usianze peke yako, soko litakumeza, tafuta hata wenzako wawili watatu wenye mtaji wa kuvumilia msimu mmoja mbovu. Na mzani upelekeni Wakala wa Vipimo ukahakikiwe ubandikwe stika, maana mkulima aliyeibiwa miaka yote asipoiona hiyo stika atajua na nyie ni wale wale mmebadilisha mbinu tu.