Mnaoanza upasuaji wa moyo, kazi iko kwenye kumpasha mgonjwa joto

Wadogo zangu mnaotoka huku Mbeya kwenda Dar kujifunza upasuaji wa moyo, mtafundishwa sana habari ya kumpoza mgonjwa, sijui digrii 32, sijui 28, na mtakariri vizuri tu. Ila mimi kilichonitoa jasho ni kumrudishia joto.

Kupoza kuna maana yake, kila digrii moja ikishuka ubongo unapunguza matumizi ya oksijeni kama asilimia 6 au 7 hivi, kwa hiyo unavumilia hata damu ikipungua. Shida ni mwisho mwisho, valvu imeshashonwa, watu wamechoka, wanataka mgonjwa atoke kwenye mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu, hapo ndo unasikia "pandisha joto, pandisha". Sasa probu, yaani kipimajoto, ya kwenye kibofu inasoma 34, unadhani bado wa baridi, kumbe damu inayotoka kwenye mashine imeshafika 37 na inakimbilia ubongoni, yaani kichwa kiko Kyela kwenye joto wakati kibofu bado kiko Kitulo kwenye baridi. Hata probu ya puani wakati wa kupasha inasoma chini kuliko ubongo wenyewe. Macho yawe kwenye joto la damu inayotoka oksijeneta, ile sehemu ya mashine inayotia damu oksijeni, lisivuke 37, na mkishapita 30 msipandishe zaidi ya nusu digrii kwa dakika. Mimi niliwahi kujaza chati kwa namba ya kibofu peke yake tangu mwanzo mpaka mwisho, nikasemwa mbele za watu, na nilistahili.

ICU nako msijisahau. Mgonjwa anatetemeka mnamrundikia mablanketi matatu kwa huruma, si tumezoea baridi ya Julai ya Uyole, usiku anafika 38.5 na hakuna anayeshtuka. Homa ya siku hizo za mwanzo imehusishwa na akili kushuka wiki kadhaa baadae.

Na huko kushuka kwa akili, wodini hamtakuona. Mama mmoja wa Tukuyu alikuja kliniki kidonda kimepona, presha safi, kila swali anajibu "sijambo mwanangu", kijana wake pembeni kanyamaza tu, wakati wa kutoka ndo ananiambia, "Nesi, mama siku hizi akiuza ndizi anakosea chenji." Sisemi ni joto, sababu ziko nyingi, kuna viputo vya hewa na mabonge madogo yanayokwenda ubongoni, kuna umri, kuna sukari. Ila tangu siku ile naanza kumuuliza aliyemsindikiza, mgonjwa baadae.