Mashine inatoa kopi safi ila haiprinti? Usikubali kuuziwa bodi, anza na draiva

Juzi kuna dada kaniandikia WhatsApp, ni katibu muhtasi kwenye ofisi moja pale Dodoma. "Kaka samahani kwa usumbufu, mashine yetu ya fotokopi ukiweka karatasi kwenye kioo inatoa kopi nzuri tu, ila ukiprinti kutoka kwenye laptop inamwaga makaratasi yana maandishi ya ajabu ajabu, fundi kasema bodi imekufa tuandae hela." Nikamwambia nipigie picha karatasi moja. Kuiona tu, mstari wa juu kabisa umeandikwa %!PS-Adobe-3.0, chini yake alama tupu na vipande vya maneno. Bodi, ile saketi kuu ya ndani ya mashine, ni nzima kabisa, haijafa! Jioni ile ile tukawa tumemaliza kwa simu, mitihani ya wanafunzi ikatoka.

Sikilizeni, mashine ikitoa kopi safi maana yake skana inafanya kazi, dramu inafanya kazi, tona ipo na karatasi inavutwa. Mara nyingi kilichobaki ni mawasiliano na kompyuta, na hayo yanapita kwenye draiva, ile programu ndani ya kompyuta inayoongea na mashine. Na hizi mashine zina lugha zake. PCL ni ya HP, PostScript ni ya Adobe, zote zilitoka miaka ya 1980, halafu Canon wana ya kwao UFR II. Mashine nyingi za ofisi PostScript inalipiwa pembeni, kama hamkuilipia haimo. Sasa mtu akikuwekea draiva ya PostScript kwenye mashine isiyo nayo ni sawa na kumsomea barua ya Kichina mtu asiyejua Kichina, itaprinti yale maelezo yenyewe badala ya barua yako, na rimu nzima inaisha hivi hivi. Ule mstari wa %!PS ndio ulionionyesha kuwa ni PostScript, yule dada nilimfutia ile draiva tukaweka ya PCL6 (toleo la ile PCL), basi.

Nimefurahi lakini pia nimekasirika na nasema wazi. Nilipoanza kazi Morogoro nilikuwa kijana wa IT kwenye ofisi moja, ila mambo ya mashine ya fotokopi alikuwa anaitwa fundi wa nje. Anakuja na flashi yake mfukoni, akifika ananituma nikamletee maji, narudi keshamaliza, karatasi ya majaribio imetoka na bosi anampa mkono. Nikimuuliza amefanyaje ananijibu "haya mambo yana wenyewe dogo". Ile kauli inaniuma mpaka leo. Nikawa nabaki ofisini wenzangu wakishaondoka, nafuta draiva naweka, nafuta naweka, nasoma vile vitabu vya mashine ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvitoa kwenye nailoni, mpaka ikafika siku mashine imekataa, fundi hapokei simu, na bosi anataka nyaraka za kikao. Nikakaa nikaifanya mbele ya bosi. Kuanzia hapo hakuitwa tena mtu wa nje kwa ajili ya draiva, na leo hii napigiwa simu mpaka na ofisi nisizozijua.

Wewe unayetaka kufungua steshenari yako, au uko field unatafuta jina, hii kitu ijue. Anza na jina kamili la modeli, lile lililobandikwa kwenye mashine, maana namba moja ikibadilika au ikiongezeka herufi mbele inaweza kuwa mashine nyingine kabisa. Angalia Windows yako ni ya aina gani, siku hizi nyingi ni 64-bit. Draiva ichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza mashine, hizi tovuti nyingine za draiva za bure zinakupakulia takataka na virusi. Kama unatumia waya wa USB usiuchomeke mpaka programu yenyewe ikuambie chomeka. Na hakikisha una nywila ya admin, tangu apdeti ya Agosti 2021 Windows haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuweka draiva ya printa iliyopo kwenye mtandao, ni kwa sababu za usalama.

Sasa kwenye mtandao ndio watu wanalia. Umeme unakatika, unarudi, ruta inawaka upya na kuigawia mashine anwani nyingine ya IP (namba inayoitambulisha kwenye mtandao), wakati kompyuta bado inapiga hodi kwenye anwani ya zamani. Asubuhi ofisi nzima inaona "offline" na mtu anaanza kuinstoo draiva upya, kumbe draiva haina tatizo lolote! Ipe mashine IP ya kudumu, iwe kwenye setingi zake au kwenye ruta, halafu kwenye kompyuta ongeza printa kwa kuandika ile IP mwenyewe, chagua TCP/IP. Usiiache Windows ijichagulie ile bandari (port, njia ya kompyuta kupeleka kazi kwenye mashine) ya WSD, inayoitafuta mashine yenyewe, inasumbua sana. Ukishafanya hivyo na bado inaandika offline wakati mashine inawaka, fungua mipangilio ya bandari utoe tiki ya SNMP, ndiyo njia ambayo kompyuta inaiuliza mashine hali yake. Hapo nimeokoa ofisi nyingi.

Draiva ya zamani ikigoma kutoka, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika printui /s /t2, utaiona imejificha humo, ifute ndio uweke mpya. Watu wanaweka draiva juu ya draiva halafu wanashangaa.

Kuna vitu viwili hamtaambiwa na fundi. Mashine ikipokea kazi halafu ikaitupa kimya kimya, uliza kama ina kodi za idara, yaani namba maalum ambazo kila idara inaingiza ili iruhusiwe kuprinti, hiyo namba lazima uiingize pia ndani ya draiva. Na draiva nyingine zinakuja zimewekewa saizi ya Letter ya Wamarekani wakati sisi trei zetu zina A4, kwa hiyo mashine inasimama inasubiri karatasi ambayo hapa mjini hata dukani huipati. Badilisha iwe A4 kwenye mipangilio ya mwanzo ya printa, sio kwenye Word peke yake, halafu printi karatasi ya majaribio kabla hujaondoka kwenye hiyo kompyuta.