Re: Nilipie klaudi TB 2 au ninunue kompyuta ya mezani ya kueditia harusi?

Mkuu nimekuelewa, video za harusi zimejaa kwenye laptopu na hela ipo ya kitu kimoja tu. Anza na kompyuta. Klaudi ni sehemu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni tu, haikueditii kazi, halafu piga hesabu ya kupandisha video huko, GB 500 kwa spidi ya Mbps 10 ni siku nne na nusu bila kukatika, kwa bando za hapa Dar utalia.

Ukienda Kariakoo tafuta kompyuta ya mezani HP Z4 used, ile unaongeza RAM (memori ya kufanyia kazi) na diski mwenyewe taratibu, Mac Studio ya Apple ni nzuri sana ila RAM uliyonunua nayo ndo hiyo hiyo mpaka mwisho. Na UPS, ile betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, usiache jamani.

Ila diski moja haitoshi! Mimi ilinifia na harusi nzima ya watu, nilikosa usingizi wiki. Weka kopi mbili, na zile kazi zilizokwisha tu ndo uweke klaudi, Google wanakupa GB 15 bure, iCloud 5. Diski ikianza kugonga gonga zima hapo hapo, peleka kwa fundi wa kurudisha data, usiiwashe washe.